Asubuhi Niliyomficha Mama

Juzi mjukuu wangu alifyeka mabingobingo ya ng'ombe nyuma ya nyumba yetu hapa Uyole, akayabwaga barazani yakiwa bado yameloa mvua. Mimi nilikuwa nimekaa na kikombe changu cha chai, sina habari na mtu. Harufu ile ikanipanda puani, harufu ya majani mabichi yaliyokatwa, nikaweka kikombe chini. Kijana akadhani naumwa. Nikamwambia siumwi, aende zake akalishe ng'ombe. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimerudi mtoni kwetu Rungwe, nina miaka sita au saba, mama yangu amechuchumaa ndani ya mabingobingo kama hayo, na aliyemwacha humo ni mimi.

Vijana nikiwasimulia jambo hili hucheka wakifika kwenye banda la kuku, wakishacheka hawasikilizi tena. Nyie wa rika langu mna subira kidogo. Hata hivyo nanyi mtacheka, nawajua.

Kulikuwa na chuo cha dini juu ya kilima, ng'ambo ya mto kutoka kijijini kwetu. Chuo cha misheni, cha kufundisha wainjilisti. Baba yangu alikuwa mwanafunzi pale. Mama naye alisoma palepale, kwenye darasa la asubuhi la wake za wanafunzi: kusoma na kuandika, Biblia, kushona, na namna ya kulea mtoto asife kwa kuhara. Lilikuwa na sharti lake. Mwanafunzi alimaliza masomo yake, lakini hakupewa usharika wa kwenda kutumikia mpaka mke wake naye awe na cheti. Kwa hiyo kalamu ya mama ndiyo iliyokuwa imeshika kazi ya baba.

Msidhani lakini mama alisoma kwa ajili ya baba tu. Mama alikipenda kibao chake cha kuandikia kupita kiasi. Alikifunga kwenye kitambaa, akakitundika mahali pa juu ambapo hata panya wasingefika. Jioni akikoroga uji aliandika herufi kwenye majivu kwa kijiti, akazifuta, akaziandika tena. Katika ukoo wake hakuna mwanamke aliyewahi kushika karatasi yenye jina lake mwenyewe, na yeye alishaamua kwamba atakuwa wa kwanza.

Sasa pale chuoni palikuwa na daftari. Daftari la kuchelewa. Ukifika darasani baada ya kengele, unawekewa alama. Alama tatu, jina linafutwa, unarudi nyumbani kungoja mwaka mwingine kama nafasi itakuwepo. Mama alikuwa na alama mbili. Ya kwanza aliipata siku mdogo wangu alipokuwa na homa, ya pili siku mvua ya mawe ilipotupiga njiani tukajibanza kwenye kibanda cha watu. Zile mbili hakuzibishia. Alisema kweli nimechelewa, akanyamaza. Na zilikuwa zimebaki wiki sita tu darasa lao limalizike.

Mwenye daftari, mwenye kengele na mwenye hesabu alikuwa mtu mmoja, Mwalimu Kihwele. Alikuwa Mhehe wa Kalenga, mfupi, msafi, kaptura yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Kiswahili chake kilikuwa na Kihehe ndani, chetu kilikuwa na Kinyakyusa ndani, na kila upande uliona kwamba wenzao ndio wanaoharibu lugha. Kengele yake ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwenye mkaratusi, na aliigonga kwa bolti kubwa aliyoitunza mfukoni kama watu wengine wanavyotunza saa. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Hakumpendelea mtu, na hakumwonea mtu huruma pia.

Lakini mimi nilimjua upande mwingine. Wiki chache kabla ya mambo yenyewe, asubuhi moja, sisi watoto tulikuwa tunacheza karibu na nyumba yake huku mama zetu wakisubiri kengele kwenye baraza la darasa. Mke wake alikuwa amejifungua, na bibi mmoja mzito alikuwa ameshuka kwenye lori kutoka Iringa, na kikapu cha mchele kichwani, anauliza nyumba ya Mwalimu. Akaelekezwa, akaketi uani. Mara nikamwona Mwalimu mwenyewe anatokea na bolti yake mkononi, yuko mbioni kwenda kwenye kengele. Akamwona yule bibi. Akaruka. Nasema akaruka, mtu mzima na soksi zake ndefu, akaangukia nyuma ya banda la kuku, akachuchumaa hapo kwenye kinyesi. Akaniona namtazama. Akaweka kidole mdomoni.

Mimi nilifurahi sana. Nilielewa mara moja: anacheza kombolela. Na kanuni za kombolela nilizijua kuliko amri kumi. Aliyejificha hatajwi. Hata ukipigwa, hatajwi. Nikaendelea kucheza kana kwamba banda lile lina kuku tu ndani. Alikaa pale mpaka yule bibi alipokaribishwa ndani, na bibi hakuwa na haraka, alikuwa anapumzisha miguu. Siku hiyo kengele ililia jua likiwa limeshapanda juu ya migomba. Wanawake waliokuwa barazani waliulizana kulikoni, wakaingia darasani, hakuna aliyeandikwa. Nami siri yangu nikaiweka moyoni, nikajiona mtu mkubwa.

Ikaja masika yenyewe. Mto ulijaa, ukachukua gogo moja la daraja. Lilikuwa daraja la magogo matatu, yakabaki mawili, yanateleza. Asubuhi ile mama alitoka mapema kuliko siku zote, mdogo wangu mgongoni, kibao kwenye kitambaa, mimi nyuma na mwavuli wangu wa jani la mgomba. Tulipokaribia mtoni mama akasimama ghafla. Kulikuwa na sauti za mashoka. Vijana wa kijiji walikuwa wanachonga gogo jipya, na aliyekaa kwenye jiwe, palepale daraja linapoanzia, akiwaelekeza, alikuwa babu. Baba yake baba. Blanketi lake jekundu begani, fimbo katikati ya magoti.

Mama aliiona rangi ya blanketi tu, akatoka njiani akazama kwenye mabingobingo.

Hapa niwaeleze wale wasio wa kwetu. Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake, wala baba mkwe hamtazami yeye. Hawaketi pamoja, hawasemezani, jina la mzee mwanamke halitaji. Si uadui. Ni heshima, tena ile kubwa. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huacha njia, huinama pembeni, mzee akapita. Ndiyo maana zamani wazee walikaa kijiji chao na vijana waliooa kijiji chao, watu wasisumbuane. Wakristo wetu mengi waliyaacha, lakini hili wengi waliendelea nalo. Sasa fikirieni hali ya mama: mzee yule hapiti. Mzee amekaa. Na kuvuka ni pale tu.

Haya yote mimi sikuyajua. Mtoto wa kwetu hakuketishwa chini akaelezwa, aliachiwa aone mwenyewe, na mimi niliona nilivyoona. Nilijua tu kwamba mama na babu hawajawahi kuonekana mahali pamoja, na kila babu akitokea mama anajificha. Wenzangu, ningefikiri nini? Nilimwona mama ndani ya majani, magoti kifuani, anamtuliza mdogo wangu asilie, nikasema moyoni: kumbe nao wanacheza!

Mama akaninong'oneza, "Nenda kwa babu yako. Mwambie mama anataka kupita."

Nikaenda. Nilikwenda kwa nia njema kabisa, Mungu ananiona. Babu aliniona akakunjua uso. Alizoea kuniita mke wake, akaniita hivyo na asubuhi ile, akanikalisha kwenye kona ya blanketi lake, akanipa nusu ya hindi la kuchoma. Akaniuliza, "Mama yako yuko wapi?"

Basi hapo ndipo nilipoharibu. Niliona ananitega. Niliona mzee huyu mjanja anataka nimtaje mama ili ashinde, na hata ule ujumbe wa mama niliuona sasa ni wa kipumbavu, mama amechoka kujificha anataka kujisalimisha. Nikasema hapana, mama yangu hatashindwa. Nikamjibu babu kwa uso mkavu, "Yuko nyumbani. Hajaamka."

Babu akacheka, akasema wanawake wa siku hizi wanalala. Akaendelea na kazi yake, kwa amani, kwenye jiwe lake. Mimi nikala hindi langu punje kwa punje. Nilitazama majani kwa kona ya jicho, nikaona yanatikisika kidogo, nikajivuna. Kisha juu kilimani ringi ikalia. Ninaweza kuisikia sasa hivi. Mama hakutoka. Gogo jipya lilipovutwa na vijana mpaka ukingoni ndipo babu alipoinuka na kusogea upande wa chini kuangalia limekaaje, na mama akapita nyuma yake akiwa ameinama karibu kugusa ardhi, mdogo wangu analia, nguo imeloa mpaka kiunoni. Alipita karibu yangu bila kunitazama. Niligundua kwamba mchezo ule haukuwa na mshindi.

Mwalimu Kihwele alimwekea alama ya tatu. Alimwambia aache kibao ofisini.

Jioni ile baba alirudi nyumbani mapema, na hiyo haikuwa kawaida. Alikuwa mtu mpole baba yangu, mwoga wa wakubwa, na nasema hivi nikimpenda. Alimwambia mama aende kesho akapige magoti, aombe radhi, pengine watamhurumia, yaishe. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Kwa Mungu nina mengi ya kuombea radhi," alisema. "Hili halimo. Nilifika mtoni kabla ya kengele, na kosa la kuwa na adabu silijui."

Akasema atadai asikilizwe na Mchungaji Mkuu mwenyewe. Baba akashika kichwa. Mwanamke hajawahi kudai asikilizwe na Mchungaji Mkuu, na mwanafunzi ambaye mkewe anabishana na walimu ataitwaje? Mama akamwambia ataitwa mume wa mwanamke aliyewahi.

Kisha baba akakumbuka jambo. Aliuliza, hukumtuma mtoto? Mama akasema nilimtuma. Baba akasema, basi mzee amefanya makusudi. Babu hakuwa Mkristo, mnajua, na siku baba alipobatizwa hawakusemezana mwaka mzima. Ndiyo kwanza walikuwa wameanza kutembeleana tena. Baba akasema mzee ameambiwa mke wangu anataka kupita na amekaa palepale ili nisipewe usharika. Akasema hatakanyaga tena uwanja wake.

Nililala tumbo linaniuma kweli. Nilitaka kusema, lakini nisemeje? Nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba yale hayakuwa kombolela, ila sikujua yalikuwa nini. Na mtoto akishakosa jambo asilojua jina lake, analiungamaje? Kulipokucha niliombewa na kupewa maji ya majani machungu.

Siku ya tatu mama akaitwa. Alivaa nguo yake ya Jumapili, akaniosha miguu, akanichukua kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Tulikaa kwenye benchi la ofisi: mama, baba, mdogo wangu na mimi. Mbele yetu Mchungaji Mkuu, mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha polepole, kila neno analitoa kama anatoa mwiba. Pembeni Mwalimu Kihwele na daftari lake limefunguliwa. Kibao cha mama kilikuwa juu ya meza, bado kimo ndani ya kitambaa chake.

Mwalimu alieleza kesi yake, na tusimwonee, aliieleza vizuri. Sheria ni moja kwa wote. Kila mmoja akija na mkwe wake, na mjomba wake, na mto wake, kengele itakuwa ya nini? Akasema katika kanisa sisi sote ni ndugu, mambo ya kukimbiana na wakwe ni ya gizani, na mke wa mwinjilisti ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuyaacha. Angeweza kupita huku amefunika uso.

Mama akamjibu kwa sauti ya kawaida, kama anajibu swali la hesabu. Alisema magogo yalikuwa mawili, yameloa, mto umejaa, na mgongoni ana mtoto. Nani amtume mwanamke wa hivyo avuke amefunika uso? Akasema ndiyo, sisi ni ndugu, lakini yeye akipewa cheti atatumwa kwenda kuwafundisha wanawake wa vijijini. Wakisikia kwamba alimkanyagia mkwe wake adabu mbele ya vijana wake ili awahi kengele, hakuna atakayefungua mlango.

"Sikuchelewa kwa uvivu," alisema. "Nilikuwa pale, nasikia kengele yenu, na kibao changu mkononi."

Mchungaji Mkuu aliandika kitu. Akauliza, huyo mzee hakuweza kuombwa asogee? Mama akasema alimtuma mtoto. Na mzee akasemaje? Mama akasema hajui. Hapo Mwalimu akasema jambo linaeleweka: mzee yule anajulikana, halipendi kanisa, alikaa pale makusudi. Baba akainamisha kichwa. Hakumtetea baba yake, na nilimwona anavyokubali.

Nikasimama. Sijui nilisimamaje, miguu yangu ilikuwa haifiki chini kwenye lile benchi.

"Babu hakuambiwa," nikasema.

Mama akanivuta nguo nikae. Mchungaji Mkuu akamwonyesha kwa mkono aniache. Akaniuliza taratibu nina maana gani, nami nikamwaga yote, nikilia, makamasi yananitiririka. Kwamba sikumwambia babu. Kwamba babu aliuliza na mimi nikamdanganya mama yuko nyumbani. Kwamba kwenye kombolela aliyejificha hatajwi, nami sijawahi kumtaja mtu, hata siku moja.

"Hata Mwalimu sikumtaja," nikasema, ili aone kwamba mimi si mtoto wa hivihivi.

Mchungaji Mkuu akauliza Mwalimu alijificha wapi.

"Nyuma ya banda la kuku. Bibi wa Iringa alipokuja na kikapu. Siku kengele ilipochelewa."

Niliona mkono wa Mwalimu umesimama juu ya daftari. Baba, maskini, alikuwa anatazama dari, na nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye kwamba alikuwa anajizuia asicheke. Maana Wahehe nao wana lao. Kwao mwanamume ndiye asiyemkabili mama mkwe wake, na hili Wanyakyusa waliooana nao walilijua vizuri. Mwalimu alikuwa amesafiri kutoka Kalenga mpaka Rungwe, akasoma vitabu vya wazungu, akafundisha kwamba mambo ya wakwe ni ya gizani, lakini mama mkwe alipotokea uani miguu yake ilikumbuka ilikotoka.

Angeweza kukana. Neno la mtoto mwenye makamasi na neno la mwalimu, lipi lingesikilizwa? Mpaka leo namheshimu kwa hilo. Aliweka kalamu chini akasema mtoto anasema kweli. Mchungaji Mkuu akamuuliza alikaa huko muda gani. Akajibu, mpaka mama mkwe wake alipokaribishwa ndani, karibu saa nzima.

Mama hakucheka. Nilimtazama nikitegemea acheke, au afurahi kwamba ameshinda, hakufanya lolote kati ya hayo. Alimgeukia Mwalimu na kumwambia kwa upole, "Mwalimu, siku ile tulikungoja barazani wanawake wote. Hakuna aliyekuandika. Ulikokuwa hatukujua, lakini tulijua hukulala."

Mchungaji Mkuu alilisogeza daftari mbele ya Mwalimu, akasema ni lake, afanye anavyoona ni haki. Mwalimu alikaa akilitazama. Halafu akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya alama ya tatu ya mama, mstari ulionyooka kabisa. Nilidhani amemaliza. Akashuka chini ya majina ya wanawake wote, akaandika jina lake mwenyewe, Kihwele, na mbele yake akaweka alama moja. Akampa mama kibao chake. Alimwomba Mchungaji Mkuu hiyo yake isifutwe.

Cheti mama alikipata, msiwe na wasiwasi. Kimo sandukuni kwangu, jina lake limeandikwa kwa wino ambao bado ni mweusi. Baba alipewa usharika, na mama alifundisha wanawake miaka mingi, wengine wakubwa kuliko yeye. Mimi alinikanya mara moja tu, njiani siku ile tukirudi nyumbani. Aliniambia siku nyingine nikimficha, kwanza nihakikishe tunacheza wote wawili.

Lakini sitaki kuishia sandukuni. Jioni ileile baba alikwenda uwanjani kwa babu, akaenda na mimi. Alimweleza baba yake yote, ikiwa ni pamoja na yale aliyomfikiria, na hilo la mwisho lilikuwa gumu kulisema, alilisema anatazama chini. Babu alisikiliza mpaka mwisho. Alinitazama mimi kwa muda. Niliogopa. Akasema tu kwamba amemwita mke wa watu mvivu, na hakuwa mvivu.

Asubuhi iliyofuata gogo la tatu lilikuwa bado halijafungwa sawasawa, vijana wako palepale na mashoka yao, na babu yuko kwenye jiwe lake. Mama akaona jekundu la blanketi, akaingia kwenye mabingobingo kama kawaida yake. Mimi nikaenda kwa babu, polepole, sijui nifanye nini na mdomo wangu. Kutoka pale mtoni mkaratusi wa chuo ulionekana vizuri juu ya kilima, na chini yake alisimama mtu mfupi aliyevaa kaptura, bolti mkononi, anaangalia darajani. Kengele haigongi. Anaangalia tu.

Babu hakuniuliza mama yuko wapi. Aliinuka, akachukua fimbo yake, akawaambia vijana wapumzike. Akashuka ukingoni mpaka kwenye miamba ya chini, akasimama kule, ametugeuzia mgongo, anatazama maji yanavyokwenda. Kisha akasema bila kugeuka, "Mke wangu, kamwambie mama yako njia iko wazi. Apite."

Nilikimbia. Nilianguka mara moja, nikainuka, nikaingia kwenye yale majani mpaka nikamkuta, nikamwambia vilevile nilivyoambiwa, sikuongeza na sikupunguza. Mama akanishika mkono tukavuka, tukapanda kilima. Tulipokanyaga baraza la darasa, kengele ikalia.